Pointi za mwanafunzi si siri ya mwalimu

Kila mwisho wa mwaka wa masomo tunaona picha ile ile kwenye yuniversite zetu, Lubumbashi sawa na Bukavu ao Kisangani. Vijana wanasongamana mbele ya valvu, kila mmoja anatafuta jina lake. Mmoja anaruka kwa furaha. Mwengine anasimama kimya: kwenye kozi moja wamemuandikia 4 juu ya 20, na yeye alitoka kwenye mtihani ule akiwa na uhakika. Anafanya nini? Mara nyingi anarudi nyumbani bila kuuliza kitu. Anaogopa, juu mwalimu yule yule atamkuta tena mwaka unaokuja.

Nyumbani kuna mama anayeuza samaki ao makala sokoni juu ya kulipa minervali. Kozi moja ikianguka, ni makuta ingine na miezi ingine. Ndiyo maana tunasema: pointi iliyotolewa vibaya ni mali ya familia iliyopotezwa.

Tukumbuke Examen d'Etat. Pale mtoto anajulikana kwa kodi, na majibu mengi yanasahihishwa na mashini. Watu wanailalamikia kwa mambo mengi, lakini anayesahihisha hamujui mwanafunzi. Kwenye yuniversite ni tofauti. Profesa ao asistani wake anafundisha, anauliza, anasahihisha, na jina linaonekana juu ya karatasi. Uwezo wote uko mkononi mwa mtu mmoja. Pale ndipo mabaya yanaingia: silabusi inayouzwa kwa nguvu na liste ya walionunua, bahasha, na wasichana wanaoombwa mwili wao juu ya pointi.

Juu ya hii ya mwisho, tusiite mchezo. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu anayemusumbua mtu mara kwa mara, kwa vitisho ao kwa kumusukuma, ili apate mapenzi: kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 12. Kuwa profesa hakumutoi mtu ndani ya sheria hiyo.

Hatusemi kama kila anayeanguka ameonewa. Wako wanaoanguka juu hawakusoma, na wako waalimu wengi wanaosahihisha usiku kwa haki, hata mshahara ukichelewa. Lakini mwalimu wa haki ndiye wa kwanza kupata faida karatasi ikionyeshwa, juu hapo uvumi unakufa.

Basi mwanafunzi afanye nini? Matokeo yanatolewa na jiri, ambayo iko na prezida na sekretere wake. Hayatolewi na mwalimu mmoja peke yake. Kwa hiyo rekuri inaandikwa kwa jiri. Iandike mara tu matokeo yanapotoka, usingoje, juu muda ni mfupi. Taja kozi, pointi uliyoona, na kitu unachoomba: karatasi yako iangaliwe tena, pointi zihesabiwe upya mbele yako. Usitukane mtu. Chukua kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, kesho watasema hawakuona barua.

Na anayeogopa kulipiziwa kisasi ajue: Katiba yetu ya 2006, kwenye artikle 27, inamupa kila Mkongomani ruhusa ya kuandikia wakubwa wa serkali, peke yake ao pamoja na wenzake. Wanapashwa kujibu kwa miezi 3, na hakuna anayeweza kushitakiwa juu ya kuandika hivyo. Darasa zima likitia sahihi, woga wa mmoja unapungua.

Kwa wakubwa wa yuniversite tunaomba kitu kidogo: kila karatasi iliyosahihishwa irudishwe mikononi mwa mwenyewe mbele ya deliberasyo. Mwanafunzi akione kosa lake kwa macho yake. Hapo hata anayeanguka atarudi nyumbani akiwa na neno la kumuambia mama yake.