Si Uzee Tu, Ni Maradhi

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Walakini yapo maradhi tusiyoyaficha, bali huyapa jina lisilo lake. Nayo ni maradhi ya akili yanapompata mzee. Akikataa chakula, twasema ni uzee. Akikesha macho usiku kucha, uzee. Akilia pasipo msiba, ni uzee tu.

Mimi ni mtu wa pwani, na maneno hayo niliyoyazoea Mombasa niliyakuta yale yale Kapseret, nje kidogo ya Eldoret, upande wa uwanja wa ndege. Huko bibi huitwa kogo, na heshima yake ni kubwa. Lakini heshima peke yake haimfikishi kwa daktari.

Hospitali si mbali. Ile ya Rufaa ya Moi, mjini Eldoret, ina idara ya afya ya akili. Ila kogo ahitaji nauli ya matatu, na kijana wa kushinda naye kwenye foleni. Akifika, aghalabu huulizwa habari za moyo wake kwa Kiswahili au Kiingereza, ilhali moyo wenyewe husema Kinandi. Juu ya hayo ipo aibu: watu watasema ameingia wazimu.

Madaktari watufunza kuwa huzuni iliyozidi hutibika hata kwa mtu wa miaka 80. Na mzee aliyechanganyikiwa ghafla huenda ana homa ya mapafu, maradhi ya mkojo au sukari iliyoshuka. Huyo hangojwi, apelekwe siku hiyo hiyo.

Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ilirekebishwa, na kaunti zikabebeshwa jukumu la huduma hii katika vituo vyao. Mwaka 2023 wahudumu wa afya wa vijijini walipewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Hao ndio wapitao mlango kwa mlango, na wengi wao wasema lugha ya kogo. Wafunzwe basi kuuliza: Wapata usingizi? Una wa kuzungumza naye? Mjini Harare, tangu mwaka 2006, akina bibi waliofunzwa na Daktari Dixon Chibanda huketi kwenye benchi nje ya zahanati wakiwasikiliza wenye mawazo mengi, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wagonjwa hupata nafuu.

Dini yetu imetukataza hata kuwaguna wazazi wetu wakizeeka. Je, kumwacha mama na maradhi yatibikayo, kisha tukasema ni uzee, si zaidi ya kumguna?