Kutafuta Njia ya Dawa Kuanzia Mwisho

Mkemia anayetaka kutengeneza parasetamoli haanzii kwenye chupa za rafuni. Huichora molekuli yenyewe, kisha hujiuliza ikatwe wapi. Akikata kati ya naitrojeni na kaboni iliyoshikana na oksijeni, anapata malighafi mbili zinazouzwa zikiwa tayari: para-aminofenoli na anhidridi ya asetiki. Lakini para-aminofenoli ina sehemu mbili zinazoweza kuungana na anhidridi hiyo, yaani naitrojeni na oksijeni. Naitrojeni huwahi zaidi, ndiyo maana mpango huo unafaulu.

Fikra hiyo ya kurudi nyuma iliwekewa kanuni na E. J. Corey wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1990. Mwaka 1969, yeye na W. Todd Wipke walieleza katika jarida la Science namna kompyuta inavyoweza kusaidia kazi hiyo.

Parasetamoli ni nyepesi. Molekuli kubwa hukatika kwa namna nyingi, na kila kipande nacho hukatwa tena, hivyo njia zinazowezekana huongezeka kupita uwezo wa mtu kuzipitia zote. Na njia ndefu ni ghali: hatua 10 zinazofuatana, kila moja ikitoa asilimia 80 ya kinachotarajiwa, huacha takriban asilimia 11 tu mwishoni.

Mwaka 2018 ulileta hatua mbili kubwa katika kutumia kompyuta kutafuta njia hizo. Mtafiti Marwin Segler na wenzake waliifundisha kompyuta kwa mimenyuko ya kikemia takriban milioni 12. Wakemia walipoonyeshwa njia bila kuambiwa zimetoka wapi, hawakupendelea zile za machapisho kuliko za mashine. Kundi la mkemia Bartosz Grzybowski nalo lilitumia Chematica, programu yenye kanuni zilizoandikwa na wakemia wenyewe, kupanga njia za molekuli 8. Zote zilitengenezwa maabarani.

Bado kuna pengo linalopaswa kuzibwa. Machapisho hujaa mimenyuko iliyofaulu, ilhali iliyogoma hubaki kwenye madaftari ya maabara. Kompyuta iliyolishwa mafanikio matupu itajuaje ni lini oksijeni itaingilia kazi ya naitrojeni? Hifadhidata huria ya Open Reaction Database inapokea kumbukumbu za majaribio kwa mpangilio ambao mashine inaweza kuusoma. Maabara zinapaswa kuweka humo hata majaribio yaliyoshindikana, pamoja na joto, kiyeyushi na muda uliotumika.