Daftari la Polisi Lililogeuka Historia ya Lituania

Askari aliyewahi kushika zamu katika bohari la silaha, au polisi aliyewahi kuorodhesha vielelezo vya kesi, hatapata taabu kukielewa kitabu cha kitaaluma kinachotolewa na makumbusho. Kila kitu kina namba yake. Kimeandikwa kilipatikana wapi na lini, kina urefu gani, uzito gani, na ufa u upande upi. Msomaji mwenye haraka hukifunga kitabu cha namna hiyo baada ya kurasa 2. Sisi tunamsihi avumilie kidogo, na kwa ajili hiyo tumeichagua Lituania, nchi ndogo iliyo kando ya Bahari ya Baltiki, yenye watu wasiotimia milioni 3.

Tuanze na vifungo vya sare. Mwaka 2001 wajenzi waliokuwa wakichimba katika mji mkuu wa Vilnius, mahali palipokuwa kambi ya jeshi la Kisovieti, walifukua shimo lililojaa mifupa ya binadamu. Wengi walidhani ni watu waliouawa katika karne ya 20. Wataalamu walipoyachunguza mabaki hayo ya watu zaidi ya 3,000, waliona vifungo vya shaba vyenye namba za vikosi, nazo zilikuwa namba za jeshi la Napoleon, lililorudi kutoka Moscow mwezi wa Desemba mwaka 1812 likiwa limevunjwa na baridi, njaa na maradhi. Mwaka 2003 mifupa hiyo ilizikwa kwa heshima katika makaburi ya Antakalnis. Bila orodha za sare zilizokwisha kuchapishwa na wachunguzi wa makumbusho na majeshi, kifungo kile kingekuwa kipande cha shaba tu.

Makumbusho yenyewe huko Lituania yana asili ya zamani. Mwaka 1855, nchi ikiwa chini ya Kaisari wa Urusi, kabaila mmoja aliyependa mambo ya kale, Eustachy Tyszkiewicz, alipewa ruhusa ya kuanzisha Makumbusho ya Mambo ya Kale mjini Vilnius. Mwaka uliofuata milango ilifunguliwa katika majumba ya Chuo Kikuu, ambacho Kaisari alikuwa amekifunga mwaka 1832. Wakaingia watu kutazama panga, mihuri, sarafu na picha za watawala wao wa zamani. Jambo hilo halikudumu. Wananchi waliasi mwaka 1863, na maasi yalipokwisha kuzimwa serikali iliyageukia makumbusho. Mwaka 1865 vitu vingi vilivyokumbusha dola ya zamani viliondolewa vikapelekwa Moscow, na vilivyosalia vikatiwa chini ya maktaba ya serikali.

Yatubidi tuseme wazi kwamba kitu kilichochukuliwa bila ya kuandikwa hakina wa kukidai. Ndiyo maana Makumbusho ya Taifa ya Lituania, ambayo huhesabu umri wake tangu mwaka ule wa 1855, hushikilia sana kazi ya kuchapa. Majumba yake mawili mashuhuri ni maghala ya silaha ya zamani, yaliyo chini ya kilima cha Gediminas, na humo hutolewa vitabu vya mwaka, kimoja juu ya sarafu, kingine juu ya mila na kazi za mikono, mbali na orodha za akiba yake.

Lakini adhabu iliyofuata maasi yale haikuishia kwenye panga na mihuri. Ilifika kwenye herufi. Tangu mwaka 1864 serikali ya Kaisari ilianza kuzuia vitabu vya Kilituania vilivyoandikwa kwa herufi za Kilatini, na kwa amri za miaka miwili iliyofuata katazo likawa kamili. Walituania wachape kwa herufi za Kirusi, au wasichape kabisa. Sisi tunaosoma Kiswahili twajua kwamba lugha yaweza kubadili herufi na isife, kwani Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi. Ila huko herufi zililetwa kwa amri, na wakulima wakakataa hata vitabu walivyopewa.

Askofu Motiejus Valančius aligharimia vitabu vichapwe ng'ambo ya mpaka, katika Prusia ya Mashariki, kisha vivushwe kwa magendo. Waliovivusha waliitwa wachukuzi wa vitabu. Walikwenda usiku, mzigo mgongoni, wakapenya mistari ya walinzi wa mpaka waliopangwa mmoja nyuma ya mwingine. Aliyekamatwa alifungwa au kupelekwa Siberia, na wengine walipigwa risasi mpakani. Jurgis Bielinis, aliyezaliwa mwaka 1846, alifanya kazi hiyo miaka mingi huku akitafutwa na polisi. Katazo liliondolewa mwaka 1904, baada ya miaka 40. Bielinis alifariki Januari 1918, na mwezi uliofuata nchi yake ikatangaza uhuru.

Sasa la ajabu ni hili. Mchukuzi wa magendo haandiki kumbukumbu, akiziandika, zitamfunga. Wa kuandika walikuwa polisi na watu wa forodha: usiku gani, njia ipi, mtu gani, vitabu vingapi, na majina ya vitabu hivyo. Makabrasha hayo yalitunzwa, na mwanahistoria Vytautas Merkys aliyasoma kwa miaka mingi, akatoa mwaka 1994 kitabu kikubwa juu ya zama za wachukuzi wa vitabu. Koplo aliyeandika taarifa yake kwa uangalifu, kalamu ikimwia nzito baada ya doria, alikuwa akiwahifadhia Walituania historia yao wenyewe. Hakukusudia. Aliyeandika ovyo hakumsaidia mkubwa wake, wala sisi.

Tungeweza kuishia hapo, lakini ingekuwa aibu kwa ukurasa huu kuyapita makumbusho yaliyoanzishwa na mwanajeshi. Katika mji wa Kaunas, tarehe 16 Februari 1921, yalifunguliwa Makumbusho ya Vita, kwa juhudi ya Vladas Nagevičius, daktari wa jeshi aliyepata kuwa jenerali. Wakati huo Vilnius ilikuwa mikononi mwa Wapolandi na nchi haikuwa na fedha. Nagevičius hakukusanya bunduki peke yake. Kati ya miaka 1928 na 1932 alichimbua ngome ya kale ya Apuolė, na baadaye akachapa uchunguzi wake juu ya watu wa kale wa pwani ya Baltiki. Humo pia yamewekwa mabaki ya ndege ya Darius na Girėnas, waliovuka Atlantiki mwaka 1933 wakaanguka kabla ya kufika nyumbani.

Katika bustani ya makumbusho hayo, pamoja na mizinga, imo sanamu iliyotengenezwa na Juozas Zikaras. Si ya jemadari. Ni ya mkulima mwenye mkongojo, mzigo wa vitabu mgongoni, na karibu naye uko ukuta wenye majina ya wachukuzi wenzake.