Usingizi wa Pono na Tangi la Kioo Nyumbani

Mtu akilala fofofo, akaitwa asiitike, watu wa pwani husema amelala usingizi wa pono. Msemo huu haukutoka hewani. Jua linapokuchwa, samaki wa ukoo wa pono huacha shughuli zao. Wengine huingia katika mapango ya mwamba, wengine hujifukia mchangani, wakalala mpaka alfajiri.

Siku hizi wadogo wa ukoo huu hufugwa majumbani, katika matangi ya kioo yenye maji ya bahari. Ni samaki wazuri mno kwa rangi, lakini ni dhaifu. Wengine hununuliwa kwa fedha nyingi na hawamalizi hata mwezi. Mwenye nyumba hulaumu maji, au hulaumu chakula, na huenda ikawa kweli. Lakini aghalabu kosa kubwa ni moja: amemnyima samaki kitanda, au amemkatiza usingizi.

Ni samaki gani hawa?

Ukoo huu una aina zaidi ya 500 duniani. Hata wale pono wakubwa wenye mdomo kama wa kasuku, wanaoguguna matumbawe na kuuzwa sokoni, wataalamu wa leo huwahesabu kuwa tawi la ukoo huo huo.

Tunaowazungumzia hapa ni wadogo. Katika bahari yetu ya Hindi yuko mmoja ambaye wataalamu humwita Macropharyngodon bipartitus, na wafugaji humfananisha na chui kwa madoadoa yake. Urefu wake hauzidi sentimita 13. Jike ni wa rangi ya chungwa mwenye madoa meupe na tumbo jeusi. Dume amechanganya kijani na wekundu. Yuko na mwenzake, Halichoeres iridis, mwenye kichwa cha manjano na mwili mwekundu uliokoza. Wote wawili hulala ndani ya mchanga kila usiku. Huyu wa madoadoa ndiye dhaifu zaidi, na anayemweza huyo atawaweza wengi wa jamaa zake.

Mchanga ndio kitanda

Basi jambo la kwanza ni mchanga. Uwe laini, punje zake kama sukari, na kina chake kisipungue sentimita 5. Ukifika 8 ni bora zaidi. Kokoto na vipande vya matumbawe havifai. Samaki huyu huzama kwa kichwa, tena kwa kasi, hasa akishtuka. Akikutana na kitu chenye ncha hujichubua ngozi na kuumia mdomo. Kidonda cha ngozi huleta maradhi, na mwenye kidonda cha mdomo hawezi kula.

Tangi lisilo na mchanga kwake ni sawa na nyumba isiyo na kitanda wala mlango. Atapanda na kushuka kwenye kioo, na mwisho ataruka. Jamaa zote za ukoo huu ni hodari wa kuruka, kwa hivyo tangi lifunikwe kwa wavu wenye matundu madogo unaopitisha hewa, wala pasiachwe upenyo pembeni kwenye nyaya na mipira.

Wako katika ukoo huu wasiojifukia. Baadhi ya pono wakubwa hutoa ute mdomoni wakajizungushia utando mwembamba, wakalala ndani yake. Uchunguzi uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kazi ya utando huo. Waliovuliwa utando, karibu wote walishambuliwa usiku na vidudu vinavyonyonya damu. Waliobaki nao, alishambuliwa kiasi cha mmoja katika kila kumi. Kumbe pono naye ana chandarua chake! Yafaa kukumbuka hilo tunapodhani kwamba kulala kwa samaki ni jambo dogo.

Mgeni huyu asipewe jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa samaki huyu methali hiyo tuiweke kando. Akitiwa katika tangi jipya huzama mchangani mara moja, na anaweza kukaa huko siku mbili, siku tatu, hata wiki nzima. Mwenye tangi hutazama, haoni kitu. Moyo humwenda mbio, akachukua kijiti akafukua. Hapo ndipo anapomuua. Samaki aliyechoka na safari hufukuliwa, hushtuka, huzama tena bila ya kula, na nguvu zake chache zikapotea bure.

Liko jambo jingine la ajabu. Samaki huyu hubeba saa ya kwao. Aliyevuliwa pwani yetu akapelekwa Marekani kwa ndege, wafugaji wa huko humwona akiamka usiku na kulala mchana, kwa sababu kwao ndiko kumekucha. Huchukua siku kadhaa mpaka afuate taa za nyumba yake mpya. Siku hizo zipunguzwe mwanga, tangi lisigongwe, na chakula kidogo kitiwe anapoonekana, iwe saa gani.

Mtu atauliza: nitajuaje kwamba hakufa huko chini? Pima maji kila siku. Maiti ya samaki ikioza hutoa amonia. Madhali kipimo hakionyeshi amonia na maji hayanuki, subiri.

Kula kidogo, mara nyingi

Mwambani samaki huyu hudonoa kutwa nzima. Hula konokono wadogo, vijidudu vya jamii ya kamba, na viumbe vidogo vyenye gamba ambavyo jicho halivioni kwa urahisi. Tumbo lake ni dogo na halina akiba. Kwa hivyo mlo mmoja mkubwa wa jioni haumsaidii. Apewe kidogo mara tatu au nne kwa siku. Uduvi wabichi wanafaa sana, au kamba aliyekatwakatwa mpaka akawa punje ndogo, kisha akaoshwa. Mkate na wali si chakula chake.

Zaidi ya hayo, asitiwe katika tangi changa. Tangi jipya huhitaji wiki nne mpaka sita ili bakteria wazoee kuvunja amonia, na hata hapo bado ni mapema kwake. Ngoja miezi sita, mpaka mawe yaliyotoka baharini yajae vijidudu vya kudonoa. Unaponunua, mtazame kwa ubavu. Tumbo likiwa limebonyea na mgongo umekonda nyuma ya kichwa, huyo ana njaa ya siku nyingi. Mwambie muuzaji amlishe mbele ya macho yako. Asipokula, mwache.

Maji na joto la kwetu

Maji yawe na chumvi kiasi cha gramu 35 kwa lita, na joto la nyuzi 25 hadi 27. Tangi la lita 300 hulinda hali hiyo vyema kuliko dogo, maana maji mengi hayageuki upesi.

Mkaaji wa pwani ana bahati ya kuwa na bahari karibu, lakini si kila maji ya bahari yanafaa. Mto Kombeni humwagika katika hori ya Tudor, na Mto Mwache katika hori ya Port Reitz. Mvua za masika zikishika, maji ya huko hupungua chumvi na kujaa tope na taka za mji. Ateke maji bahari kuu, mbali na bandari, maji yakiwa yamejaa.

Kaskazi nayo ina taabu yake. Joto la chumbani hupanda, na maji ya moto hubeba hewa kidogo. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huyapoza, ila huyakausha pia. Yanayopunguka ni maji, chumvi hubaki. Kwa hivyo ongeza maji matamu yaliyosafishwa, wala usiongeze ya chumvi. Stima ikipotea, iwepo pampu ndogo ya betri ya kuvuta hewa.

Akiugua, usikimbilie dawa ya shaba ukaimwaga tangini. Huua vijidudu vyote anavyovitegemea kwa chakula. Mtenge katika tangi la pili, na humo pia umwekee bakuli la mchanga, maana mgonjwa ndiye mwenye haja zaidi ya kulala.

Asiyefaa kuletwa nyumbani

Yuko mmoja wa ukoo huu ambaye afadhali aachwe baharini. Ni yule mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi, Labroides dimidiatus, anayewasafisha samaki wengine. Kila mmoja hula vidudu kiasi cha 1,200 kwa siku kutoka katika miili ya wateja wake. Ni tangi gani litakalompa riziki hiyo? Wengi hufa kwa njaa polepole. Na mwambani anakotolewa huacha pengo: huko Australia, miamba iliyowekwa bila wasafishaji hao kwa zaidi ya miaka minane ilikutwa na samaki wachache zaidi, tena wadogo zaidi.

Tumefundishwa chuoni kisa cha mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, na adhabu aliyoipata. Samaki aliye ndani ya kioo hawezi kujitafutia. Mchanga, usiku, chakula na maji safi alikuwa akipewa na mwamba bure. Aliyemtoa huko amejitwika kazi ya mwamba. Hiyo ni amana.

Mwenye nafasi ya kumlisha mara tatu kila siku, na subira ya kutazama mchanga mtupu wiki nzima bila ya kuugusa, na amfuge. Asiye na hayo asione haya. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ziko tangu mwaka 1968, na Kisite ni safari ya mashua kutoka Shimoni. Humo hairuhusiwi kuvua. Avae miwani ya kuzamia, ainamishe uso majini asubuhi jua likipanda, naye atawaona wakitoka mchangani mmoja mmoja kwenda kutafuta riziki yao.