PIMA UDONGO WA SHAMBA LAKO

Udongo wa juu ndio unaotupa chakula. Mvua ikiuchukua, rutuba inakwenda nao. Mazao yanapungua mwaka hadi mwaka. Mwishowe shamba linabaki mawe.

Tukumbuke Mgeta, katika milima ya Uluguru, mkoa wa Morogoro. Tarehe 23 Februari, 1970, mvua kubwa ilinyesha huko. Kwa muda usiofika saa 3, ilinyesha zaidi ya milimeta 100. Ardhi iliporomoka mahali zaidi ya 1,000. Watu walikufa na mashamba yaliharibika.

Wataalamu walichunguza maporomoko hayo. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba na penye nyasi. Yaliyoanzia penye miti hayakufika hata 1 katika kila 100. Mizizi ya miti huishika ardhi.

Lakini udongo mwingi hauondoki kwa kishindo. Unaondoka kidogo kidogo, na mkulima haoni. Kwa hiyo tupime.

Jinsi ya kupima

1. Tafuta vipande 3 vya nondo au vijiti vigumu. Kila kimoja kiwe na urefu wa sentimeta 50.

2. Kabla ya masika, pigilia kimoja juu ya shamba, kimoja katikati, na kimoja chini. Sentimeta 10 zibaki nje.

3. Usilime karibu na vigingi hivyo.

4. Andika tarehe na kipimo katika daftari.

5. Masika yakiisha, pima tena.

Kigingi kikiwa nje sentimeta 11, udongo wa sentimeta 1 umeondoka. Je, hiyo ni kidogo? Hapana. Kwenye eka 1 ni karibu tani 50. Huo ni mzigo wa malori 7 ya tani 7!

Kigingi cha chini kikiwa kimefukiwa, udongo wa juu umehamia hapo. Pigilia na kingine penye miti mingi, ulinganishe.

Tufanye nini?

Mwonyeshe bwana shamba au bibi shamba daftari lako. Lima matuta yanayokinga mteremko, siyo yanayoshuka nao. Panda majani ya tembo kwenye kingo za matuta. Usichome mabua, yatandaze shambani. Usikate miti ya mlimani.

Kabla ya masika mengine, rudisha vigingi kwenye sentimeta 10. Hasara ikipungua, utajua kazi yako imefaa.