Mtoto akipotea safarini ng'ambo ya mpaka: dakika za kwanza na siku za baadaye

NI Jumamosi asubuhi, siku ya soko mjini Taveta. Familia moja imetoka Voi alfajiri kwa matatu, ikapita Mwatate, Bura na Maktau, na sasa iko Holili, njiani kwenda harusini Moshi. Baba amesimama kwenye foleni ya uhamiaji na karatasi zote mkononi. Mama anabadilisha pesa, mtoto mchanga mgongoni. Shangazi analinda mizigo. Je, binti wa miaka 4 yuko na nani? Baba anaamini yuko na mama. Mama anaamini yuko na shangazi. Shangazi naye alimwona mara ya mwisho akimfuata baba.

Kisa hiki tumekitunga kwa ajili ya mfano tu, lakini mzazi aliyewahi kusafiri na watoto atakitambua mara moja. Aghalabu mtoto hapotei kwa sababu amekosa mtu wa kumwangalia. Hupotea kwa sababu walio naye ni wengi na kila mmoja anamtegemea mwenzake. Kwa hivyo kinga ya kwanza haihitaji pesa. Kabla ya kushuka garini, mtu mmoja atajwe kwa jina: "Shangazi, huyu yuko nawe mpaka tuvuke." Akitaka kwenda msalani, amkabidhi mwingine kwa kauli, naye aliyekabidhiwa aitikie.

Kwa nini akili ya mzazi hukwama

Mzazi anapogundua kwamba mtoto hayupo, mwili humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo hudunda kwa kasi, pumzi hukatika, mdomo hukauka na macho huona kilicho mbele tu. Hali hiyo humfaa mtu anayemkimbia ndovu, lakini haimfai anayetafuta mtoto kati ya mamia ya watu. Ndiyo maana wazazi wengi hukimbia huku na huko bila mpango, wakapita mahali pale pale mara tatu, na wengine husahau hata rangi ya nguo aliyovaa mtoto.

Dawa yake ni kusimama kwa nusu dakika. Vuta pumzi kwa pua polepole, itoe kwa mdomo polepole zaidi, mara 3 au 4. Nusu dakika hiyo haipotei bure, kwani ndiyo itakayokuwezesha kufikiri. Mwenye shinikizo la damu au mja mzito asiachwe akimbie peke yake. Yeye ndiye afaaye kubaki mahali mtoto alipoonekana mara ya mwisho, kwa kuwa watoto wengi hurudi hapo.

Hatua za mara moja

Kwanza, tazama penye hatari ya kuua upesi kabla ya penye uwezekano mkubwa. Mtoto aliyejificha nyuma ya marobota ya mitumba anaweza kungoja, lakini aliye barabarani au kando ya maji hawezi. Chungulia chini ya malori yaliyoegeshwa. Ikiwa mko karibu na Mto Lumi, Ziwa Jipe lenye viboko na mamba, au Ziwa Chala lenye kingo za mteremko mkali, mtu mmoja akimbilie majini papo hapo. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, na dakika chache tu zatosha kumwua.

Pili, paza sauti. Wazazi wengine huona haya kutangaza kwamba wamepoteza mtoto. Aibu hiyo iwekwe kando. Taja umri wake, jina lake na nguo zake kwa sauti kubwa: "Msichana wa miaka 4, gauni jekundu, kandambili za bluu!" Kila asikiaye hugeuka kutazama karibu naye, na hivyo badala ya macho mawili mnapata mia mbili.

Tatu, waarifu maafisa mara moja. Tangu mwaka 2016 mpaka wa Taveta na Holili umekuwa na vituo vya pamoja, ambapo anayetoka Kenya hushughulikiwa na maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja upande wa Holili. Hilo ni faraja kwa mzazi, maana habari ikifika kwa mmoja imefika pande zote mbili, na wanaweza kuangalia magari yanayopita. Wengi bado wanaamini kwamba polisi hawapokei habari ya mtoto aliyepotea mpaka saa 24 zipite. Usingoje hata saa moja, kwa sababu saa za kwanza ndizo zenye thamani kubwa.

Nne, piga 116. Hiyo ni namba ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, na pia ndiyo namba ya huduma kama hiyo nchini Tanzania. Ukipiga kwa laini ya Tanzania utapata wahudumu wa huko. Katika vituo vya polisi vya nchi zote mbili uliza dawati la jinsia na watoto. Mtoto akipatikana na mtu mwingine, kwa kawaida upande wa Kenya hushughulikiwa na afisa wa watoto, na upande wa Tanzania na ofisa ustawi wa jamii. Juhudi zikishindikana kwa siku kadhaa, Chama cha Msalaba Mwekundu kina huduma ya kuwatafuta jamaa waliopotezana, hata ng'ambo ya mipaka.

Mtoto naye hufanya nini?

Inategemea umri. Aliye chini ya miaka 3 hajui kwamba amepotea. Hutangatanga bila mwelekeo, akichoka hujilaza popote: chini ya meza, ndani ya kibanda, nyuma ya magunia. Kwa hiyo mtafuteni kwa kuinama. Wa miaka 4 hadi 6 huvutwa na kitu fulani, kama mbuzi, mwuza peremende au mtoto mwenzake. Akishatambua kwamba yuko peke yake, huenda akajificha, na hata akisikia jina lake asiitike, ama kwa woga wa kuchapwa au kwa sababu aliambiwa asizungumze na wageni. Mtoto mkubwa zaidi hujaribu kuwatafuta ninyi, na kwa kufanya hivyo huzidi kwenda mbali.

Mwaka 1981, huko California, Marekani, mvulana wa miaka 9 alipotea mlimani akafa kwa baridi kabla ya kupatikana. Kutokana na msiba huo waokoaji walianzisha mafunzo ya kuwafundisha watoto "kukumbatia mti", yaani ukijua umepotea, shika mti mmoja na usiuache mpaka watu wakufikie. Somo hilo latufaa sana sisi, ambao njia yetu ya kwenda Taveta inapita katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Gari likiharibika Maktau, mtoto aliyeingia kichakani akiendelea kutembea huenda akakutana na ndovu. Sokoni, mti huo na uwe mama mwenye kibanda au askari mwenye sare.

Hapa wazazi wengi hujiharibia wenyewe. Mtoto akikataa uji, twamwambia, "Nitamwita askari akukamate!" Kisha siku ya shida twataka amkimbilie askari huyo huyo. Mtoto aliyefundishwa kumwogopa polisi atajificha akimwona.

Matayarisho ya kabla ya safari

Mpige mtoto picha asubuhi ya safari, akiwa na nguo alizovaa siku hiyo. Mfunze majina yako kamili. Mtoto wa miaka 4 akiulizwa mama yake aitwa nani, hujibu "Mama", na jibu hilo halimsaidii afisa wa Holili. Kuanzia miaka 4 au 5, wengi waweza kukariri namba ya simu ikiimbwa kama wimbo.

Mdogo zaidi afungiwe bangili yenye namba ya simu, au namba iandikwe kwa wino ndani ya nguo yake. Katika Msikiti Mtakatifu wa Makka watoto huvishwa bangili za namna hiyo, kwa sababu kupotezana katika umati ule ni rahisi. Andika namba ikianza na +254, la sivyo Mtanzania atakayemwokota hataweza kukupata. Hakikisha pia kwamba laini yako inafanya kazi ng'ambo na ina salio. Beba cheti cha kuzaliwa, kwani pamoja na picha husaidia kuthibitisha kwamba mtoto ni wako. Akisafiri na shangazi au nyanya, wazazi waandike barua ya idhini.

Akishapatikana

Mkumbatie kwanza. Ghadhabu ya mzazi wakati huo ni woga uliogeuka, lakini kofi litamfunza mtoto kwamba kupatikana ni hatari kuliko kupotea. Mpe maji kidogo kidogo. Ikiwa midomo imekauka, analia bila machozi, macho yamebonyea au amelegea, mpeleke kwenye zahanati, na njiani mnyweshe maji ya ORS kama anaweza kunywa. Mchunguze mwili mzima, ukitafuta majeraha, miiba na alama za kuumwa na wadudu.

Mwulize kwa upole, kwa maswali yasiyomtilia maneno mdomoni: "Ulikuwa wapi? Halafu ikawaje?" Ikiwa kuna dalili au shaka kwamba amenajisiwa, usimwogeshe wala usifue nguo zake. Mpeleke hospitali mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI yapasa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Upande wa Tanzania kuna hospitali ya KCMC mjini Moshi. Upande wetu kuna hospitali ya Taveta na ile ya rufaa ya Moi mjini Voi.

Siku zinazofuata, usishangae mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akianza tena, akikuandama hadi mlangoni mwa choo, akiota ndoto mbaya au kukataa kwenda shule. Hizo ni dalili za kawaida za hofu. Mrudishie ratiba yake ya kula na kulala, mwache asimulie kisa hicho mara nyingi apendavyo, na ukitoka mwambie utarudi saa ngapi, kisha urudi saa hiyo. Kwa watoto wengi hofu hupungua katika majuma machache. Ikipita mwezi mmoja bila nafuu, au akiacha kula na kuzungumza, mwone daktari au mshauri wa watoto.

Jambo jingine husahaulika. Taveta na nyanda zake za chini zina malaria, na vimelea hukaa mwilini siku 7 au zaidi kabla ya homa kuanza. Mtoto akipata joto jingi juma moja, mawili au zaidi baada ya safari, usiseme ni mshtuko tu. Apimwe damu.

Na mzazi naye? Wengi hubaki na lawama moyoni, mume akimnyooshea mke kidole na mke akimlaumu wifi. Kaeni pamoja, mseme wazi ni wapi ukabidhi ulikatika, kisha mfunge ukurasa huo. Mtoto hupona upesi katika nyumba ambamo watu wazima wamekwisha kusameheana.