Kwaya inaposimama mbele ya okestra

Mwaka 2005 mchezo wa kompyuta wa Civilization IV ulitoka na wimbo wa Kiswahili mwanzoni mwake: "Baba Yetu", Sala ya Bwana iliyotiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2009 Tin aliuweka kwenye albamu ya Calling All Dawns, yenye nyimbo 12 kwa lugha 12, ukaimbwa na Soweto Gospel Choir huku Royal Philharmonic Orchestra ikipiga. Mwaka 2011 ukatwaa Grammy, tuzo ambayo hakuna muziki wa mchezo wa kompyuta uliokuwa umewahi kuipata.

Sauti moja inaongoza, kwaya inaitikia, ngoma zinaingia, kisha okestra nzima inapanda. Aliyekulia kwenye kwaya ya parokia au usharika hahitaji kufundishwa mwitikio huo. Ndiyo maana inaniuma kuona kwaya zetu nyingi hazijawahi kuimba hata wimbo mmoja na okestra.

Sauti tunazo. Kinachokwamisha ni karatasi. Fungua jalada la mwalimu wa kwaya: d, r, m, f, s, l, t, nukta pacha na vistari vya kugawa mapigo, sauti nne zimepangwa moja chini ya nyingine. Nota hizi zilikuja na wamisionari, na zimetulea vizuri. Do ni pale unapoiweka. Sauti ya kwanza wakilalamika kwamba wimbo uko juu, mwalimu anashusha kidogo, kazi inaendelea. Okestra haishushwi hivyo. Kila mpigaji ana karatasi yake ya mistari mitano, na ufunguo umeshaandikwa. Zaidi ya hapo, tarumbeta ya kawaida ikipiga nota yoyote iliyoandikwa, inayosikika iko chini kwa toni nzima. Mtunzi asiyejua hilo atavuruga mazoezi siku ya kwanza.

Haya yanafundishika. Korogocho, Nairobi, mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukiwafundisha watoto fidla, tarumbeta na kusoma mistari mitano tangu 2008. Walimu wetu wa kwaya nao wakae darasa la namna hiyo, hasa wale wanaotunga. Waanze na wimbo ambao kwaya inaujua kwa kichwa: sauti nne zibaki zilivyo, waongeze fidla mbili, selo na tarumbeta moja, na ngoma ile ile ya Jumapili.